Wimbo wa kwanza wa gitaa: anza na ule ambao jirani anaujua

Beni. Siku moja nilisema redioni, mwishoni kabisa mwa kipindi cha jioni, kwamba ninamfundisha kijana mmoja wa jirani kupiga gitaa. Ilikuwa sentensi moja tu. Tangu siku hiyo nasimamishwa njiani: mzazi mmoja sokoni, motari mmoja akisubiri abiria, mama mmoja wa kwaya. Swali lao ni lile lile: "Yaya, mtoto amepata gitare. Aanze na wimbo gani?"

Redioni dakika hazikunitosha kujibu. Hapa nitajibu, na nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Kijana ninayemsema ana miaka 14. Yeye, mama yake na wadogo zake wawili walifika mjini wakitoka kijiji kimoja cha upande wa Eringeti, na jirani yangu akawapa chumba. Kwa msomaji wa Beni jambo hili halihitaji maelezo mengi. Mauaji ya raia katika eneo letu yalianza Oktoba 2014, na tangu wakati huo katika mtaa wetu tumezoea kuona watu wakiingia asubuhi na godoro kichwani na mbuzi mmoja kwenye kamba. Familia hii haikuwa hata na mbuzi. Walikuja na sufuria mbili, bidoni ya maji na nguo walizovaa.

Gitaa ni langu. Nililinunua Butembo miaka kadhaa iliyopita, gitaa la mbao la kawaida lenye ufa mdogo ubavuni. Nikitoka kwenye kazi ya kutafuta habari nakaa mlangoni na kulipiga kidogo ili kichwa kipoe. Kijana alianza kusimama kwenye uzio. Baada ya siku chache akaketi juu ya jiwe upande wangu wa uzio. Ya tatu au ya nne akasema, "Yaya, unaweza kunifundisha?"

Nilifurahi kupita kiasi, na hapo ndipo nilipokosea. Sikujiuliza yeye anahitaji nini. Nilijiuliza mtaa utasema nini juu ya mwalimu wake. Nikamchagulia wimbo wa rumba unaopigwa sana kwenye sherehe, wenye sebene kali mwishoni, ile sehemu ambayo gitaa linakimbia na watu wote wanainuka kwenye viti. Nilimwambia, "Ukiujua huu, hakuna atakayekucheka."

Sasa naelewa kwa nini jambo lile halikuwezekana. Unaposikia rumba yetu redioni, sikio linadhani linasikia gitaa moja. Si moja. Katika bendi nyingi za Kongo kuna mpiga solo anayekimbia juu, kuna mpiga mi-solo anayejaza katikati, kuna wa kusindikiza anayeshika akordi, na chini yao wote kuna besi. Ni watu wanne waliofanya mazoezi pamoja kwa muda mrefu. Mimi nilimpa mtoto mmoja, mwenye mikono miwili na siku nne za mafunzo, kazi ya watu wanne.

Vidole vilivimba kwenye ncha. Hilo ni la kawaida, kila anayeanza linampata, na ngozi inakuwa ngumu baada ya wiki chache. Lakini maumivu ya vidole yanavumilika pale ambapo sikio linapata kitu. Sikio la kijana huyu halikupata kitu. Kila jioni alipiga sauti tano, akakosa ya sita, akarudi mwanzo. Wadogo zake walikuja kusikiliza mara moja, hawakurudi. Wiki ya pili ilipokwisha, na yeye hakurudi.

Nilimkuta kwenye bomba la maji, bidoni yake ikiwa ya kumi hivi kwenye foleni. Nikamwuliza mbona haonekani. Akatazama chini, akasema kwa sauti ya adabu, "Yaya, mi vidole vyangu si vya gitare."

Neno lile nilirudi nalo nyumbani. Huyu ni mtoto aliyepoteza shamba la kakao la baba yake, mwaka mmoja wa masomo na kitanda alichozoea kulalia. Hakuna hata kimoja alichopoteza kwa uzembe wake. Sasa mimi, kwa kutaka sifa, nilikuwa nimemwongezea kitu kingine cha kukosa, na hiki alidhani amekikosa kwa sababu ya mwili wake mwenyewe.

Usiku ule nilikumbuka nilivyoanza mimi. Nilikuwa nimesikia rekodi ya "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, yule mtu wa Katanga aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Ni mtu mmoja na gitaa moja, hana bendi, kwa hiyo nilijiambia ni rahisi. Kumbe Mwenda peke yake anafanya kazi ya watu wawili: kidole gumba kinatembea chini kama besi, na kidole cha pili kinaimba juu, wala havingojani. Nilihangaika nayo miezi mingi bila kufika popote. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa kwaya yetu. Alinionyesha akordi moja tu, mi mdogo, inayohitaji vidole viwili, akaniambia nikae nyuma ya waimbaji niipige kila inapofika zamu yake, na inapopita ninyamaze. Nilinyamaza sana. Lakini Jumapili ile nilikuwa ndani ya wimbo.

Kesho yake nilimwita kijana. Nilimwomba radhi kwanza, nikamwambia wimbo niliompa ulikuwa mbaya kwake na vidole vyake ni vizuri. Kisha nikabadilisha swali. Mwanzoni nilimwuliza anapenda wimbo gani. Safari hii nilimwuliza: "Ni wimbo gani unaujua wote, toka mwanzo hadi mwisho, hata ukiamshwa usiku?"

Hayo ni maswali mawili tofauti. Wimbo tunaoupenda mara nyingi tunaujua nusu tu: kiitikio, na lile neno moja zuri. Wimbo tunaoujua wote hatukuuchagua. Uliingia wenyewe, tukiwa mgongoni, jikoni, kanisani au uwanjani kwa shule.

Alifikiri kidogo. "Wa koko," akasema. Nyanya yake mzaa baba alikuwa na wimbo wa Kinande wa kuambua maharage. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, mikono inaendelea na kazi. Nyanya huyo hakufika mjini. Sikuuliza zaidi.

Nikamwambia auimbe bila gitaa, apige makofi tu. Aliuimba kwa sauti ndogo. Ulikuwa mfupi, sauti zake chache, na ulirudi pale pale kila baada ya makofi manane. Nikautafutia mahali kwenye gitaa na nikaona akordi mbili zinautosha: la na mi.

Kwa wale watakaotaka kujaribu nyumbani, nieleze polepole. Kamba za gitaa, ukianza na ile nene, ni mi, la, re, sol, si, mi. Kwa akordi ya la, unabana kamba tatu, re, sol na si, zote kwenye nafasi ya pili ya shingo. Kwa akordi ya mi, unabana la na re kwenye nafasi ya pili, na sol kwenye nafasi ya kwanza. Basi. Mkono wa kulia usifanye maajabu: kidole gumba kishuke juu ya kamba, mara moja kwa kila kofi.

Nilimpangia hatua tatu. Hatua ya kwanza, kuimba na kupiga makofi mpaka mwili ujue akordi inabadilika kwenye neno gani. Ya pili, kushika gitaa na kupiga mara moja tu pale inapobadilika, kisha kuacha isikike huku akiimba. Ya tatu, kujaza makofi yaliyobaki. Siku ya tatu jioni alifika mwisho wa wimbo bila kusimama. Hakusema kitu. Aliurudia mara sita.

Siku hiyo hiyo alinikopa gitaa akaenda kuwapigia nyumbani kwao. Nilisikia kupitia uzio. Wadogo zake waliitikia tangu mwanzo, hakuna aliyewafundisha. Ubeti wa pili ulipofika, mlango ulifunguliwa na mama yake akatoka nje. Alisimama nyuma ya nyumba, mgongo kwetu, mpaka wimbo ukaisha. Nikajiambia: nimekosea mara ya pili, na hili ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

Asubuhi alikuja kwangu. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza. "Papa, usimukataze. Wimbo ule ni wetu, naye ndiye mkubwa, lazima aushike. Ila aupige mchana. Usiku tunapaswa kusikia."

Nilidhani anasema juu ya huzuni. Alikuwa anasema juu ya mbwa. Kule walikotoka, usiku ambao familia iliponea, waliponea kwa sababu mtu fulani alisikia mbwa wa jirani wakibweka na kisha wakanyamaza. Tangu hapo mama huyu halali kabla hajausikiliza mtaa. Gitaa, hata likipigwa vizuri, linaziba masikio yake.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nimeandika juu ya usalama wa mji huu mara nyingi, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kuchagua wimbo wa mtoto kunahusu pia saa ya kuupiga na nani anasikiliza upande wa pili wa ukuta. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayemfundisha mtoto wa familia iliyokimbia hauko kwenye vidole. Waulize wa nyumbani kwake. Uliza kama kuna wimbo ambao hawataki kuusikia sasa, na kama kuna saa ambayo hawataki kelele. Wimbo wa nyumbani unaweza kuwa dawa kwa mmoja na kidonda kwa mwingine chini ya bati lile lile. Wao ndio wanaojua.

Na kuna nyimbo ninazoziepuka kabisa: zile za kusifu wenye silaha, wawe wa upande wowote, na zile za siasa. Mtoto hupenda kuimba alichojifunza akiwa njiani. Sitaki asimamishwe mahali na kuulizwa anamwimbia nani.

Baada ya wimbo wa nyanya tuliendelea, na nitawaambia tulipitia wapi.

Wimbo wa pili ulikuwa "Frère Jacques". Vijana wakubwa watacheka, lakini usiudharau. Karibu kila mtoto aliyepita shule ya msingi kwetu anaujua, na unakubali akordi moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Chukua la, usiiache. Kwa kuwa mkono wa kushoto haubadilishi kitu, mwanafunzi anapata nafasi ya kujifunza kitu kingine: kushika mwendo bila kukimbia. Tuligawanya watoto wa uzio wetu makundi matatu, kila kundi likaanza nyuma ya lingine, na yeye akawa katikati akipiga. Makundi yaliwahi, yakachelewa, yakagombana. Gitaa halikusogea. Siku hiyo ndipo alipoelewa kwamba anayeshika akordi ndiye anayewabeba wengine.

Wimbo wa tatu ulitoka kanisani, wa akordi tatu: la, re na mi. Ukizijua hizi tatu, mlango wa nyimbo nyingi sana umefunguka. Re inabana sol kwenye nafasi ya pili, si kwenye ya tatu, na mi nyembamba kwenye ya pili.

Hapa niwaonye juu ya fa. Wapigaji wengi wa kwetu wanapenda kupiga katika do, na do inataka wenzake fa na sol. Sol haina shida. Fa kamili inataka ulaze kidole kimoja juu ya kamba zote sita, na anayeanza hana nguvu hiyo bado. Nimeona vijana wakiacha gitaa kwa ajili ya fa peke yake. Usipambane nayo. Hamisha wimbo wote: badala ya do, fa na sol, piga sol, do na re, au la, re na mi. Wimbo unabaki ule ule, ila unapanda au unashuka.

Na kama umekuwa chini mno kwa sauti ya watoto au ya mama wa kwaya? Tumia kalamu ya risasi na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Laza kalamu juu ya kamba zote kwenye nafasi ya pili, uifunge kwa mpira nyuma ya shingo ikaze vizuri. Sasa unashika la kama kawaida, lakini inasikika si. Vidole havijajifunza kitu kipya na wimbo umepanda. Madukani kuna kibano cha kazi hiyo. Sisi tunatumia kalamu, na inatosha.

Wanaopenda nyimbo za kutoka nje ya Kongo waanze na "Malaika", ambao Fadhili William wa Kenya aliurekodi na Miriam Makeba akausambaza duniani. Unaenda polepole, unaweza kuupiga kwa akordi tatu, na hata anayekosa maneno anaweza kuufuata kwa mdomo uliofungwa.

Kama utanitaka nifupishe yote, nina maswali manne ninayouliza kabla ya kumpa mtu wimbo wa kwanza. Je, anaujua wote bila gitaa? Je, una akordi zisizozidi tatu, bila fa? Je, unakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, usio wa mbio? Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa: je, walio karibu naye wanaweza kuuimba hata yeye akipotea?

Hilo la mwisho nililiona kwa macho kwenye matanga. Mzee mmoja kati ya waliokimbia alikufa kwa ugonjwa, mbali na makaburi ya watu wake. Watu walikaa chini ya turubai, mchana, mvua ikinyesha kidogo. Kwaya iliyotarajiwa haikufika kwa ajili ya barabara. Mama mmoja akasema, "Yule mtoto wa gitare yuko wapi?" Kijana alikuja na gitaa langu na akordi zake tatu. Aliketi kwenye benchi la pembeni, akapiga zile nyimbo chache anazozijua, akazirudia, akazirudia tena, karibu saa mbili.

Katikati ya wimbo mmoja alipotea. Nilimwona: vidole vilikwenda re badala ya mi, akaondoa mkono, akatazama shingo ya gitaa kama mtu aliyeangusha ufunguo. Watu hawakusimama. Mama wale waliendelea kuimba kama vile hakuna kilichotokea, naye akangoja kiitikio kikarudi, akaingia tena. Sidhani kama watu watatu pale walijua kwamba alikosea. Ule wimbo wa sebene niliompa mwanzoni ungemwacha peke yake mbele ya watu wote.

Luambo Makiadi, Franco, alianza utotoni na gitaa alilojitengenezea mwenyewe, akilipiga sokoni huko Ngiri-Ngiri, Kinshasa, ambako mama yake aliuza mikate. Wasikilizaji wake wa kwanza walikuja kununua mkate. Namwambia kijana wangu habari hiyo kila anapoona aibu juu ya gitaa lenye ufa.

Sasa ameanza kuniuliza juu ya "Masanga". Nimemwambia tutajaribu zile sauti chache za mwanzo, kidole gumba peke yake kwanza, bila haraka, na kwamba mimi mwenyewe sijaimaliza hadi leo. Alicheka. Kisha akamwita mdogo wake wa kike mwenye miaka tisa, akamweka vidole viwili kwenye kamba ya la na ya re, nafasi ya pili, akamwambia asibane sana.

Wimbo wa nyanya bado anaupiga mchana tu. Jua likianza kushuka upande wa msitu ananirudishia gitaa, na mama yake anaketi mlangoni, anasikiliza.